Je, Wajua? Mikono Iliyoandika na Kuchora Vitabu vya Watoto

Je, wajua kwamba Roald Dahl, mtunzi wa Matilda, aliwahi kuwa mfanyakazi wa Shell jijini Dar es Salaam? Alifika mwaka 1938 akiwa na miaka 22, akapata makazi Oyster Bay na kujifunza Kiswahili. Vita vilipozuka mwaka uliofuata, aliendesha gari mpaka Nairobi kujiunga na jeshi la anga la Uingereza. Kumbukumbu za siku hizo alizitoa kitabuni mwaka 1986, katika Going Solo.

Je, wajua kwamba kubadhi la Dahl huyohuyo liliwahi kutumwa kwa posta? Quentin Blake alikuwa anachora The BFG, kitabu cha mwaka 1982 kuhusu jitu lenye huruma. Maandishi ya kwanza yalilivisha jitu hilo aproni na mabuti, lakini lilipochorwa, wote wawili waliona halijakaa sawa. Wakakaa mezani, wakaanza upya. Mabuti yakatolewa, sasa je, litavaa nini miguuni? Blake akaja kupokea kifurushi cha karatasi ya kaki, kimefungwa ovyoovyo. Ndani mlikuwa na kubadhi moja kubwa la Kinorwe, la Dahl mwenyewe. Blake akalichora. Ukikipata kitabu hicho, tazama kwanza miguu ya jitu.

Je, wajua kwamba Maurice Sendak alikusudia kuandika kuhusu farasi? Farasi wakamshinda kuchora. Akachora mazimwi badala yake, sura zao akiziazima kwa wajomba na shangazi zake waliokuwa wakija kumtembelea utotoni. Hivyo ndivyo kilivyozaliwa mwaka 1963 kitabu cha Where the Wild Things Are.

Je, wajua kuwa H. A. Rey na mkewe Margret waliikimbia Paris kwa baiskeli? Ilikuwa Juni 1940, majeshi ya Ujerumani yakiwa mlangoni. Baiskeli hizo Rey aliziunda mwenyewe kwa vipuri. Katika mizigo yao mlikuwa na mswada wa tumbili mtundu, Curious George, uliotoka Marekani mwaka 1941.

Je, wajua kwamba kuna picha zilizongoja zaidi ya miaka 20 kabla ya kuwa kitabu? Ezra Jack Keats, mtoto wa wahamiaji Wayahudi kutoka Poland, alikata jaridani mwaka 1940 picha za mvulana mdogo mweusi, akazihifadhi. Alikuwa akichorea vitabu vya wengine, na katika kazi hizo hakuona mtoto mweusi akiwa mhusika mkuu. Mwaka 1962 mvulana yule akawa Peter, aliyevaa koti jekundu na kutembea thelujini katika The Snowy Day. Maktaba ya Umma ya New York ilipohesabu mwaka 2020 vitabu vilivyoazimwa zaidi katika historia yake, hicho ndicho kilichoongoza: mara 485,583.

Je, wajua kwamba watoto wa Marekani waliwahi kuhesabu moja, mbili, tatu kwa lugha yetu wenyewe? Muriel Feelings, aliyewahi kufundisha Uganda, aliandika Moja Means One mwaka 1971, na mumewe Tom akakichora. Mlima Kilimanjaro ndio uliobeba namba moja. Mwaka 1974 wakafuatisha Jambo Means Hello, kitabu cha alfabeti chenye herufi 24 tu, kwani Q na X waliziacha: Kiswahili hakizihitaji. Vyote viwili viliingia katika orodha ya heshima ya Tuzo ya Caldecott, na kwa kile cha kwanza Tom akawa Mwamerika Mweusi wa kwanza kufika hapo. Natamani vingekuwa katika kila maktaba ya shule zetu.

Anayedhani uchoraji ni kazi ya siku mbili amtazame Tom huyo. Kitabu chake kuhusu safari ya meli za watumwa, The Middle Passage, kilimchukua takriban miaka 20. Kilipotoka mwaka 1995, michoro yake ilisimulia yote bila maneno.

Je, wajua kwamba Alice wa Lewis Carroll aliwahi kuwa Elisi? Tafsiri ya Kiswahili, Elisi katika Nchi ya Ajabu, ilichapishwa London mwaka 1940, na michoroni Elisi ni binti wa Kiafrika.

Je, wajua kwamba John Kilaka, Mtanzania anayechora kwa mtindo wa Tingatinga, alichapishiwa Uswisi kwanza, kwa Kijerumani? Katika Fresh Fish, sokwe mvuvi anapeleka samaki sokoni, na mbwa anaingiwa na tamaa.

Je, wajua kwamba sungura Peter alianza kama barua? Tarehe 4 Septemba 1893, Beatrix Potter alimwandikia Noel Moore, mtoto wa mwalimu wake wa zamani, aliyekuwa kitandani mgonjwa. Akajaza barua kwa michoro ya sungura wanne. Miaka ilipopita akaona yafaa iwe kitabu, lakini hakuwa na nakala. Akamwomba Noel amwazime ile barua. Wachapishaji wakamkataa, naye Desemba 1901 akatoa fedha zake kuchapa nakala 250. Noel, mvulana wa miaka mitano alipoipokea, alikuwa ameitunza muda wote huo.