Kwa Nini Wasitoe Hela Wakabaki Nyumbani?

Mtoto yeyote mwenye akili, akisikia kuna watu wanazunguka mlima kwa baiskeli ili kuchangisha fedha, atauliza: kama wana huruma na wana hela, si wazitoe tu wabaki nyumbani? Wanajitesea nini milimani? Wajukuu zangu wa hapa Kijenge, Arusha, wameniuliza hivyo hivyo, nami nimekataa kuwajibu kwa sentensi moja. Sogeeni na ninyi. Jibu lina milima, mvua, pancha na hesabu kidogo.

Tuanze na harusi. Sisi Watanzania kwa kuchanga ni mabingwa. Kadi ya mchango ikikufikia, na mweka hazina wa kamati akikupigia simu kila Jumapili, utatoa tu, hata kama hela hizo ulikuwa umeziweka kwa ajili ya ada. Unatoa kwa sababu bibi harusi unamjua, utamwona ukumbini, na pilau utakayokula itakuonyesha hela imekwenda wapi. Sasa mfikirieni mtoto yatima wa Geita. Hana kadi wala kamati, na Kijenge hakuna anayemjua kwa sura. Akiwa na shida, nani atakupigia simu Jumapili?

Mwendesha baiskeli ndiye anayekupigia simu kwa niaba yake. Miezi miwili kabla ya safari anakuja kwako na daftari: "Mzee, nazunguka Kilimanjaro kwa baiskeli. Niahidi chochote." Unacheka. Unakitazama kitambi chake, unamwuliza kama ni mzima. Halafu unaandika jina lako. Hukuandika kwa sababu ya baiskeli. Umeandika kwa sababu mtu unayemjua ameamua kuteseka kwa ajili ya mtu usiyemjua, na sasa wewe kukaa kimya ni aibu. Mlima ni kisingizio tu, lakini ni kisingizio kizuri sana.

Mfano wetu wa karibu ni Kili Challenge. Ili muuelewe, lazima mjue hali ilivyokuwa. Mwishoni mwa 1999 Rais Benjamin Mkapa alitangaza UKIMWI kuwa janga la taifa. Miaka ile watu waliogopa hata kuutaja ugonjwa wenyewe. Walinong'ona kwamba fulani "kakanyaga miwaya", basi, mazungumzo yakaishia hapo. Dawa za kufubaza Virusi Vya UKIMWI (VVU) zilikuwepo duniani, ila bei yake mtu wa kawaida hakuiweza. Serikali ilianza kuzitoa bure mwaka 2004. Kabla ya hapo wazazi wengi walizikwa, na bibi zenu wengi walianza upya kulea watoto wachanga uzeeni.

Katikati ya hali hiyo, mwaka 2002, Mgodi wa Dhahabu wa Geita ulianzisha Kili Challenge, safari ya Kilimanjaro ya kuchangia vita dhidi ya UKIMWI, ambayo baadaye ikaendeshwa pamoja na Tume ya Kudhibiti UKIMWI, TACAIDS. Kundi moja hupanda mlima kwa miguu kuelekea kilele cha Uhuru, mita 5,895. Kundi jingine halipandi. Linauzunguka mlima kwa baiskeli kwa siku kadhaa. Sehemu ya michango ilikwenda Geita kwenye kituo cha Moyo wa Huruma, kinacholea watoto yatima. Marekani walikuwa wametangulia kwa ugonjwa huo huo: mwaka 1994 waendesha baiskeli walitoka San Francisco hadi Los Angeles kuchangisha fedha za wagonjwa.

Najua mnataka kusema nini. Mgodi wa dhahabu hauna hela? Unazo. Ungeweza kuandika hundi ukanyamaza. Lakini hundi ya kampuni moja haimfanyi mtu mwingine aingize mkono mfukoni, wala haimfanyi mtu autaje ugonjwa kwa sauti mezani kwake. Mkurugenzi aliyevaa kaptura, uso umejaa vumbi, anapopita mbele ya watu akiwa na fulana iliyoandikwa VVU kifuani, watu wanauliza. Wakishauliza, mazungumzo yameanza.

Na jambo la kusema kwa mwili badala ya mdomo kwetu si geni. Azimio la Arusha lilipitishwa hapa hapa mjini petu mwanzoni mwa 1967, na mnara wake mnaupita pale Kaloleni. Oktoba mwaka ule ule Mwalimu Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilometa 200, kuliunga mkono Azimio hilo. Rais mwenye magari! Alikuwa akisema kitu kwa miguu yake ambacho redio isingeweza kukisema. Ndiyo maana sishangai kwamba tangu 2019 kuna msafara wa baiskeli wa Twende Butiama, unaotoka Dar es Salaam hadi kijijini kwake, ukipanda miti na kutoa madawati njiani.

Haya, tupande baiskeli sasa.

Ukiuzunguka Kilimanjaro kuanzia kusini, unapita Marangu, Mwika, halafu Rombo. Huko ni migomba na kahawa, mifereji inalia pembeni mwa barabara, na njia haijui kunyooka: unashuka bondeni kuvuka mto, unapanda, unashuka tena. Kina mama wanaotoka sokoni wanakuangalia unavyohema, wanakwambia "Pole baba, jitahidi." Watoto wanakukimbilia kwa miguu, na wanakupita. Ukishapita Tarakea na kuelekea Kamwanga, nchi inabadilika. Migomba inakwisha, inakuja migunga, vumbi, na mbele yako tambarare za Amboseli upande wa Kenya. Mlima ni ule ule, upo mkono wako wa kushoto muda wote. Kwa nini upande mmoja ni kijani na mwingine ni kahawia?

Upepo wenye unyevu unatoka Bahari ya Hindi, kusini-mashariki. Ukigonga mlima hauna pa kwenda ila juu. Hewa ikipanda inapoa, na hewa iliyopoa haiwezi kubeba mvuke mwingi, kwa hiyo inaumwaga: mvua. Ikifika upande wa pili imebaki kavu. Meru yetu ni hivyo hivyo. Hapa kusini kwake tuna Tengeru na Usa River, ambako kila kitu kinaota. Zunguka nyuma kupitia Oldonyo Sambu hadi Ngare Nanyuki uone miiba. Mwanafunzi anaweza kukariri somo hili mwaka mzima asilielewe, lakini mwendesha baiskeli analielewa kwa siku moja, kwa koo lake.

Na vile vilima vidogo vidogo vya upande wa Momella, vinavyomchosha mpanda baiskeli kuliko mlima mmoja mkubwa? Hivyo ni Meru yenyewe. Zamani sana, miaka kama 8,000 iliyopita, ubavu wa mashariki wa mlima ulimeguka ukaporomoka, na tope na mawe yakasambaa kwenye nchi ya chini. Maziwa ya Momella yalijikusanya kwenye mashimo ya kifusi kile. Kwa hiyo ukihema pale, unahema juu ya vipande vya mlima ambao kilele chake kingali kinakutazama.

Sasa hesabu, na mwenye daftari alete. Mji wa Moshi uko kama mita 900 juu ya usawa wa bahari. Lango la Marangu liko zaidi ya mita 1,800. Akipanda kutoka mjini hadi langoni, mwendesha baiskeli wa kilo 60 pamoja na baiskeli ya kilo 15 ananyanyua kilo 75 karibu kilometa nzima kwenda juu. Nishati inayohitajika kwa kunyanyua tu ni kama kalori 175 za chakula. Lakini misuli yetu ni mibadhirifu: robo ya chakula inakuwa mwendo, robo tatu inakuwa joto, ndiyo maana mtu anatoka jasho Marangu hata kukiwa na baridi. Zidisha kwa 4, unapata 700. Ndizi mbivu moja ina kama 100. Ndizi saba, basi, kwa kupanda peke yake. Asikudanganye mtu kwamba safari hizi zinaendeshwa kwa moyo. Moyo upo, lakini bila ndizi unakaa chini kando ya barabara.

Gia zinasaidiaje? Gia haipunguzi kazi hata chembe, inaigawa. Chukua baiskeli aina ya Phoenix ya babu yenu, isiyo na gia. Ukizungusha pedeli mara moja, inakwenda kama mita 5. Tambarare ni raha, mlimani ni adhabu, kwa sababu mzunguko mmoja unakudai mita zote 5 kwa mkupuo. Baiskeli ya mlimani yenye meno 22 mbele na 34 nyuma, pedeli ikizunguka mara moja, inasogea mita moja na theluthi tu. Utazungusha karibu mara nne zaidi, lakini kila mzunguko ni mwepesi. Mwenye haraka huona aibu kuendesha hivyo. Baadaye mnamkuta ameshuka anakokota. Na kukokota si dhambi pia. Fedha za yatima hazipungui kwa sababu ulitembea kilometa mbili.

Upande wa migunga utapata pancha, hilo halina mjadala. Mwiba wa mgunga hauheshimu tairi jipya. Fundi wa pale Kijenge anaziba hivi, nanyi mwangalieni siku moja mjifunze. Anatoa tyubu, anaijaza upepo kidogo, anaizamisha kwenye beseni la maji akiizungusha polepole hadi bubujiko dogo linapotokea. Anapaweka alama. Anapakausha, anapasugua kwa msasa hadi paparuzike, anapaka solusheni. Halafu, na hapa ndipo wengi huharibu, anasubiri. Solusheni lazima ikauke hadi isinate kidoleni, ndipo abandike kiraka na kukigandamiza. Wakati inakauka, anapitisha vidole ndani ya tairi taratibu kuutafuta mwiba. Asipoutoa, kazi yote ni bure. Mita 100 mbele utashuka tena.

Kushuka mlima ni habari fupi lakini ndiyo inayoua. Breki zote mbili, kwa kubana na kuachia, kabla ya kona na si ndani ya kona. Ukibana ya mbele peke yake kwa nguvu, baiskeli itasimama na wewe utaendelea. Kofia ngumu kichwani, siku zote.

Wageni mnaowaona wenye baiskeli zilizochakaa kwa vumbi wakipumzika Arusha, huenda wakawa wa msafara wa Cairo hadi Cape Town, ulioanza mwaka 2003. Baadhi yao wana wachangiaji huko kwao, na msafara wenyewe umekuwa ukigawa baiskeli kwa watu wa nchi unazopita. Hilo nalipenda kuliko fulana na medali. Muuguzi wa kijijini akipata baiskeli, anafika kwa wagonjwa wengi zaidi, na safari zake hazitangazwi popote.

Lakini siwafichi, siyo kila safari inayojiita ya hisani ni ya hisani. Kuna ambayo hoteli, magari ya kusindikiza na wapiga picha vinakula mchango wote, na yatima anabaki na bango. Hiyo ni utalii, na utalii si kosa, mradi ulipiwe na mtalii mwenyewe. Mtu akikuletea daftari la ahadi, muulize maswali matatu bila kuona haya. Gharama za safari nani analipa? Fedha zinakwenda wapi, kwa jina la kituo au shule? Risiti tutaziona lini? Mwenye nia njema atakujibu kabla hujamaliza kuuliza. Mwenye kukasirika, mrudishie kalamu yake.

Nanyi wenyewe, kama mnataka kuanza, msikimbilie Kilimanjaro. Darasa la Kijenge linaweza kwenda Moshono na kurudi Jumamosi asubuhi, na vilima vya kutosha mtavikuta. Barabara kuu ya Tengeru iepukeni, si ya watoto; na hata njia ya Moshono muwe na mwalimu au mzazi mbele na mwingine nyuma. Chagueni kitu kimoja mnachoweza kukionyesha kwa kidole: miwani ya mwanafunzi mwenzenu, tangi la maji la shule, godoro la bibi wa jirani. Ahadi ziandikwe kabla ya safari, jina na kiasi, na kila mtu atie sahihi, maana watu wakishawaona mmerudi salama hukumbuka ghafla kwamba wana matumizi mengine. Na fedha zikikusanywa mkaweza kununua kile mlichokiahidi, rudini kwa kila aliyechanga mkamwonyeshe risiti, hata yule wa shilingi mia tano.