Chema Nacho Kijitembeze, Ila kwa Jina Lake

Wahenga walitufunza kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa miaka mingi nimeiandika methali hii ubaoni bila kuitilia shaka. Siku hizi naiandika kwa kusitasita, na sababu yake ni vikuku 100 vya shanga vilivyotungwa juu ya meza ya marehemu mama yangu, hapa mjini Kakamega.

Mpwa wangu ni mtungaji wa shanga. Alipomaliza kidato cha nne na karo ya chuo ikakosekana, hakukaa kitako kuomboleza. Alianza kutunga mikufu, vipuli na vikuku, akawauzia walimu wenzangu, kisha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro. Hatimaye akaanza kupiga picha kwa simu yake na kuzitundika mtandaoni. Sote tuliona kwamba mlango umefunguka.

Haukupita muda mrefu kabla ya mchuuzi mmoja wa Nairobi kuagiza vikuku 100, kwa bei ya shilingi 120 kila kimoja. Shilingi 12,000! Nyumba nzima ilishangilia. Binti huyo alikesha wiki mbili akitunga. Nami, mwalimu niliyezeeka na chaki mkononi, nilimpongeza bila kumuuliza swali hata moja. Hilo ndilo kosa ninaloliungama leo mbele yako, ndugu msomaji.

Mzigo ulipokwisha kwenda ndipo tulipoketi kupiga hesabu. Shanga, uzi na kifungo cha kila kikuku viligharimu shilingi 70. Kufunga mzigo na kuutuma kwa basi kulikula shilingi nyingine 15. Zilizobaki ni 35. Kikuku kimoja kilimchukua saa moja na nusu. Kwa hivyo, saa nzima ya macho yake na vidole vyake ililipwa shilingi zisizotimia 24.

Jioni moja baadaye alinijia na simu mkononi. "Mjomba," akaniuliza, "kile si kitambaa cha nyanya?"

Kweli kilikuwa chenyewe. Katika ukurasa wa mchuuzi yule mlikuwa na picha aliyoipiga mpwa wangu mwenyewe, vikuku vyake vimepangwa juu ya kitambaa cha mezani alichokifuma mama yangu kwa mkono. Bei ilikuwa shilingi 600. Chini yake palijigambwa kwamba hiyo ni kazi ya mikono ya mwenye ukurasa. Jina la binti huyu halikuwapo, wala la Kakamega.

Sikusudii kumlaani kila mchuuzi. Naye hulipa kodi ya duka na gharama za kutangaza, na bidhaa isiponunuliwa hasara ni yake. Kupata faida si dhambi. Ninachokipinga ni kuifuta alama ya mtu juu ya jasho lake.

Sisi wa Kakamega tunapaswa kuwa wa kwanza kulielewa jambo hili, maana limewahi kutupata. Mwaka 1931 dhahabu ilivumbuliwa hapa kwetu, na walowezi wakamiminika kutoka kila pembe. Mwishoni mwa mwaka 1932 serikali ya kikoloni ilirekebisha sheria ya ardhi za wenyeji ili uchimbaji usizuiliwe. Mgodi wa Rosterman ulifungwa mwaka 1952. Hadi leo wako akina mama na vijana, hasa upande wa Ikolomani, wanaosaga mawe na kuosha vumbi lake wakitafuta punje za dhahabu. Punje hizo huishia mikononi mwa madalali. Je, ni pete ngapi duniani zilizotokana na udongo wetu, na ni mvaaji yupi anayelijua jina la Kakamega? Mali ilipita mikononi mwetu ikiwa ghafi, ikaenda kupewa jina na thamani kwingine.

Yamkini msomaji atasema shanga si dhahabu. Naam, na wala nyingi si zetu. Shanga nyingi za kioo ambazo watu wetu wamezivaa kwa vizazi zilitoka Venice na Bohemia, na leo nyingine nyingi hutoka China. Basi kilicho chetu ni nini? Ni mpangilio wa rangi, ni mkono unaotunga, ni jicho linalojua nyekundu ikae wapi na nyeupe ikome wapi. Hiyo ndiyo mali yenyewe. Mtungaji akiiuza kwa bei ya uzi na kuruhusu jina lake lifutwe, amebakiwa na nini?

Ushahidi kwamba jambo hili linawezekana tunao humu nchini. Mwaka 1975 Lady Susan Wood alianzisha karakana ndogo ya shanga za udongo huko Karen, Nairobi, akiwa na wanawake wawili waliohitaji kulea watoto wao peke yao. Karakana hiyo iliitwa Kazuri, yaani kitu kidogo na kizuri. Shanga zake zimeuzwa hadi ng'ambo, na wanawake waliopata riziki humo wamefikia mamia. Mnunuzi wa mkufu wa Kazuri anajua unaitwaje na ulitoka wapi. Intaneti haikuwapo wakati huo; jina lilikuwapo. Na sisi tulio karibu na Ilesi, ambako akina mama wamefinyanga vyungu kwa vizazi, hatuwezi kudai kwamba udongo umetunyima.

Kwa hiyo, nawashauri nini vijana wanaotaka kuuza mapambo yao mtandaoni?

Kwanza, watie jina. Kadi ndogo iliyoandikwa jina la mtungaji na la mji wake haigharimu hata shilingi 5, na inasafiri popote pambo linapokwenda. Picha nayo ni mali ya aliyeipiga, na sheria ya hakimiliki ya mwaka 2001 inailinda. Biashara ikikua, jina na nembo vyaweza kusajiliwa katika taasisi ya KIPI.

Pili, wahesabu muda wao. Mali bila daftari huisha bila habari. Bei ya pambo ni vifaa, ufungaji, usafirishaji na saa za kazi, pamoja na akiba ya kununulia vifaa vingine. Anayesahau saa zake anamlipia mteja sehemu ya bei bila kujua.

Tatu, wasihadae. Mteja wa mtandaoni hawezi kulishika pambo wala kulijaribu shingoni. Anaamini picha tu. Picha ipigwe mchana penye mwanga wa kawaida, urefu wa mkufu utajwe kwa sentimita, na shaba isiitwe dhahabu. Uongo mmoja huvunja imani iliyojengwa kwa mwaka mzima. Muuzaji naye ajihadhari. Huduma ya M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007, imemwezesha mtu wa Kakamega kulipwa na mtu wa Mombasa kwa dakika moja, lakini matapeli nao hutuma ujumbe bandia wa malipo. Salio liangaliwe kabla ya mzigo kupelekwa stendi.

Nne, wakumbuke kwamba mtandaoni wao ni wapangaji. Soko la Etsy, lililoanzishwa New York mwaka 2005 kwa ajili ya kazi za mikono, lilikuwa likikata asilimia 3.5 ya kila mauzo. Mwaka 2018 likapandisha hadi 5, na mwaka 2022 hadi 6.5. Wauzaji wengi waligoma, lakini kiwango hakikushushwa. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa muda wa saa sita hivi duniani kote. Siku hiyo, aliyekuwa na majina na nambari za wateja wake katika daftari la karatasi aliendelea na kazi, na asiyekuwa nayo alikaa akikodolea simu macho.

Hapa ndipo ninapowageukia walimu wenzangu. Tunalalamika kwamba wanafunzi wamezama katika simu. Je, tumewaonyesha jambo gani bora la kufanya nazo? Mtaala wa umilisi, uliofika Gredi ya 7 mwaka 2023, umeipa sanaa nafasi yake. Lakini tukimfunza mtoto kutunga shanga pasipo kumfunza kukokotoa bei yake, tumemfunza nusu ya somo. Kikuku changu cha shilingi 120 kingekuwa swali zuri sana la hisabati. Maelezo ya mkufu, yaliyoandikwa kwa Kiswahili sanifu na kinachovutia, ni insha kamili. Binti yetu alipita mikononi mwa walimu kwa miaka kumi na miwili, nikiwamo mimi, na hakuna aliyempa swali hilo.

Nanyi wanafunzi, msinielewe vibaya. Siwaambii mtupe vitabu mkimbilie shanga. Hesabu iliyomponza mpwa wangu ni ya darasa la sita, na alikuwa ameifaulu. Kilichokosekana ni desturi ya kuitumia masomo yanapoisha.

Binti huyo hajatajirika. Anauza vikuku vichache kuliko awali, kwa bei aliyoipanga mwenyewe, na kila kimoja kina kadi yenye jina lake na la Kakamega. Mchuuzi yule aliagiza tena. Mpwa wangu alimtajia bei mpya na sharti la kadi. Hadi leo hajajibu, na binti haonekani kusikitika. Mwezi uliopita alikuja kuniomba kitambaa cha nyanya yake akipigie picha nyingine, nikampa kiwe chake kabisa.

Nami bado nitaiandika methali ile ubaoni, maana wahenga hawakukosea. Enzi zao mnunuzi alimjua mfinyanzi kwa uso, na chema kilijiuza kwa kuwa mwenyewe alikuwa amesimama kando yake. Leo pambo linakwenda mbali na mwenyewe anabaki nyumbani. Kwa hiyo, chini ya methali nitawapa wanafunzi wangu maswali mawili ya kujibu: chajiuza kwa jina la nani, na kwa bei ya nani?