Fahamu: Kwa nini ajira za kaunti huzua mvutano Isiolo

Kaunti ya Isiolo inapotangaza nafasi za kazi, wengi huuliza kwanza zitakwenda kwa jamii gani. Hapa wanaishi Waborana, Waturkana, Wasomali, Wasamburu, Wameru, Wagabra na Wasakuye, na tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, mshahara wa kaunti umekuwa tegemeo kubwa katika eneo la ufugaji linaloandamwa na ukame.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya chini kabisa zijazwe na watu wasiotoka katika jamii kubwa ya kaunti. Kwangu, pengo liko hapo: kiwango hicho hakiwagusi wakurugenzi, na mkurugenzi ndiye anayepanga kazi, safari na mafunzo.

Ubaguzi mwingine hauonekani kwenye takwimu. Katika jamii nyingi za wafugaji, kijana hufunzwa kuwaacha wazee watangulie kusema, na uamuzi husubiri makubaliano. Bosi aliyezoea mabishano ya wazi anaweza kuuona ukimya huo kuwa udhaifu, akamnyima kijana cheo. Hilo ni kosa la bosi.

Anayebaguliwa ana kinga. Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza ubaguzi wa kabila, dini, jinsia na ulemavu, hata katika kupandisha vyeo. Kesi ikifika mahakamani, mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba hakubagua. Hifadhi tangazo la kazi, barua na majibu ya usaili.