Lubumbashi: Kuandika programu za kompyuta kukiwa somo la lazima, nani atalipa?

Katika shule nyingi za sekondari mjini Lubumbashi, somo la informatiki liko tayari kwenye ratiba. Mwalimu anaingia na chaki, anachora kompyuta ubaoni: hapa kioo, hapa klavie, hapa kipanya. Wanafunzi wanachora vilevile katika daftari zao, wanakariri kazi ya kila kipande, na siku ya mtihani wanaandika yale waliyokariri. Mwaka unaisha, na wengi wao hawajagusa kompyuta hata siku moja.

Kuna wanaotaka twende mbali zaidi. Wanasema kila mwanafunzi wa sekondari, kutoka Katuba hadi Ruashi, afundishwe kuandika programu, ni kusema kuandika maagizo ambayo kompyuta inafuata, na somo hilo liwe la lazima kama hesabu na Kifaransa. Wengine wanajibu kwamba hiyo ni ndoto ya watu wenye jenereta nyumbani. Kila upande uko na sehemu yake ya ukweli. Lakini kabla ya kuchagua upande, tuulize kwanza: lazima kwa nani? Kwa mtoto, kwa mzazi, ao kwa serikali?

Karatasi hazikosekani

Kwa upande wa maandishi, Kongo haiko nyuma. Mpango mpya wa masomo ya sayansi kwa kalasi ya saba na ya nane, uliotayarishwa katika mradi PEQPESU kwa feza za Benki ya Dunia, umeweka teknolojia ya habari na mawasiliano pamoja na fizikia, katika kundi linaloitwa SPTTIC. Mwaka 2019 serikali ilitangaza Mpango wa Taifa wa mambo ya dijitali, uliolenga mwaka 2025. Mwezi wa tatu 2023 ikafuata sheria kubwa inayojulikana kama Code du numérique.

Lakini wakaaji wa Lubumbashi wanajua safari ya karatasi kutoka Kinshasa hadi darasani. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 43, ilisema masomo ya msingi ni ya lazima na ya bure katika shule za serikali. Bure yenyewe ilianza kutekelezwa mwezi wa tisa 2019. Ni miaka 13 kati ya neno na kitendo. Katika miaka hiyo yote, neno "lazima" lilikuwa juu ya mgongo wa mzazi, na mtoto ambaye hakulipa alirudishwa nyumbani.

Sekondari hadi sasa si ya bure. Hapo ndipo wazazi wanaogopa, na wako na haki ya kuogopa. Shule ikiambiwa kwamba somo fulani ni la lazima na haikupewa mashine, mafuta ya jenereta wala mwalimu, itafanya nini? Itaongeza mstari mmoja kwenye karatasi ya malipo: feza za informatiki. Kwa familia yenye watoto wanne shuleni, mstari huo unaweza kumaanisha kwamba mmoja anabaki nyumbani, na mara nyingi anayebaki ni binti.

Sababu za kutaka somo hili

Pamoja na hayo, wanaotaka somo hili hawasemi upuuzi. Mji wetu ulizaliwa kutoka shaba. Tangu Union Minière ilipoanzishwa mwaka 1906, kisha Gécamines baada yake, vizazi vingi vya hapa vilitegemea mikono: kuchimba, kuyeyusha, kuendesha mashine kubwa. Kazi hiyo inabadilika mbele ya macho yetu. Katika mgodi wa zahabu wa Kibali, jimbo la Haut-Uélé, kuna mashine zinazobeba mawe chini ya ardhi bila dereva ndani. Anayeziongoza amekaa juu, mbele ya kioo cha kompyuta. Teknolojia ya namna hiyo haitaishia Haut-Uélé. Kijana wa Kolwezi ao Likasi ambaye hajui hata mashine hizo zinapokea maagizo namna gani atabaki mlangoni.

Pia tuko na mifano ya wenyeji. Mwaka 2013, injinia Thérèse Izay Kirongozi, aliyesomea ISTA ya Kinshasa, aliweka barabarani Kinshasa maroboti ya kuongoza magari. Picha zake zilizunguka dunia. Hazikuwa mashine zilizonunuliwa ng'ambo. Zilitengenezwa na Wakongomani kwa shida ya Wakongomani.

Hapa Lubumbashi, UNILU na shule ya juu ya informatiki ya Wasalesiani, ESIS Salama, zinapokea kila mwaka vijana wanaotaka kujifunza kazi hii. Katika kalasi moja wanakutana aliyekua na kompyuta nyumbani na yule aliyeiona ubaoni tu. Wanapewa kazi ileile siku ileile. Pengo hilo halianzi chuo kikuu. Linaanza sekondari, na shule pekee ndiyo inaweza kulipunguza. Ukisema somo libaki la kuchagua, ujue ni nani atalichagua: watoto wa shule zenye vyumba vya kompyuta, katikati ya mji.

Wengine walifika wapi

Uingereza ilichagua njia ya "wote". Tangu mwezi wa tisa 2014, kule England watoto wa miaka 5 hadi 16 katika shule za serikali wanapaswa kujifunza informatiki, pamoja na kuandika programu. Mwaka 2017, jumuiya ya wanasayansi ya Royal Society ilichunguza matokeo. Ilikuta walimu hawatoshi, na zaidi ya nusu ya shule za sekondari hazikutoa mtihani wa somo hilo. Katika waliofanya mtihani, msichana alikuwa mmoja kati ya watano. Hiyo ni inchi tajiri, yenye umeme saa 24.

Majirani wetu walichukua njia nyingine. Rwanda ilianza mwaka 2008 kugawa kompyuta ndogo kwa watoto wa shule za msingi, kisha mwaka 2019 ikafungua huko Nyabihu shule ya pekee, Rwanda Coding Academy, kwa wanafunzi wachache waliochaguliwa. Kenya ilianza mwaka 2016 kupeleka tableti katika shule za msingi, na mwaka 2022 taasisi yake ya mitaala ikakubali masomo ya kuandika programu kwa shule za msingi na sekondari.

Mfano unaotugusa zaidi unatoka Ghana. Mwaka 2018, mwalimu Richard Appiah Akoto alipiga picha ya ubao wake: alikuwa amechora kwa chaki za rangi dirisha zima la programu ya Microsoft Word. Shule yake haikuwa na kompyuta, lakini wanafunzi wake walipaswa kufanya mtihani wa taifa wa somo hilo. Picha ilipozunguka, misaada ya kompyuta ikafika. Watu walimsifu mwalimu, na alistahili. Lakini wachache waliuliza: ni nani aliyewapa watoto mtihani wa kitu ambacho serikali haikuwapa? Na shule ambazo hazikupigwa picha, zilipata nini?

Kile ambacho chaki inaweza kufanya

Je, tungoje mpaka SNEL imalize kukata umeme? Hapana. Kuandika programu kuna sehemu mbili. Moja ni kuandika kwenye mashine. Nyingine, ambayo inakuja kwanza, ni kupanga mawazo: kugawanya kazi katika hatua, kusema "kama hivi, fanya vile", na kusema "rudia mpaka". Mama yeyote wa Kamalondo anayepika bukari anaifanya kila siku: chemsha maji, tia unga, songa, na kama ingali laini ongeza unga, rudia mpaka ikaze. Mwalimu anaweza kumwomba mwanafunzi aandike hatua hizo, kisha mwenzake azifuate neno kwa neno bila kuongeza akili yake. Makosa yataonekana mara moja: hakusema maji kiasi gani, hakusema mtu aache wakati gani. Hilo ndilo somo lenyewe, na linaweza kuanza kwa Kiswahili kabla ya kwenda katika Kifaransa cha kitabu na Kiingereza cha mashine.

Huko New Zealand, profesa Tim Bell na wenzake walitengeneza tangu miaka ya 1990 michezo mingi ya namna hiyo, bila kompyuta. Mmoja unahitaji karatasi tano tu, zenye nukta 16, 8, 4, 2 na 1. Watoto watano wanasimama mbele, kila mmoja na karatasi yake. Kwa kuonyesha ao kuficha karatasi, wanapata kila namba kutoka 0 hadi 31. Kwa 13, wanaonyesha 8, 4 na 1. Kwa dakika 20 wameelewa namna kompyuta inavyohesabu.

Baadaye mashine inapaswa kuja, kwa sababu hakuna anayejifunza baiskeli kwa kuichora. Lakini si lazima iwe chumba cha kompyuta 30. Telefone ya Android, programu ikisha kuwekwa ndani, inaweza kuandikia lugha ya Python bila intaneti. Zoezi la kwanza liko katika kila duka la hapa: bei iko kwa dola, mteja analipa kwa franga, programu ihesabu chenji kwa bei ya dola ya leo.

Kuna wanaosema kwamba sasa akili bandia inaandika programu yenyewe, basi somo limepitwa na wakati. Ni kweli inaandika. Lakini inakosea pia, na asiyejua kusoma hatua zake hataona kosa mpaka feza zimepotea.

Nani aanze

Kwa hiyo jibu letu ni ndiyo, lakini kwa utaratibu. Katika kalasi ya saba na ya nane, kupanga hatua za kazi kuwe kwa lazima, ndani ya saa ambazo tayari ziko, bila malipo mapya. Katika shule za ufundi na za biashara na informatiki, kuandika programu kwenye mashine kuwe kwa lazima, na serikali itoe mashine, walimu waliofundishwa na umeme, hata wa jua. Mtihani wa Serikali uje mwisho kabisa. Mtoto asikose diplome kwa kitu ambacho hakuonyeshwa.

Wazazi nao wasingoje Kinshasa. Katika mkutano ujao wa komite ya wazazi, kama shule inaomba feza za informatiki, wamuulize prefe mambo matatu: ni kompyuta ngapi zinazowaka leo? Mwalimu wa somo hilo alijifunzia wapi? Na tangu mwaka uanze, mtoto wangu aligusa mashine mara ngapi? Kama jibu la mwisho ni sifuri, wako na haki ya kuuliza feza zinaenda wapi.