Panga Halilimi Tuta: Kwa Nini Mashine ya Gemu Bado Inanunuliwa

Mkulima wa Bigwa, pale barabara ya Matombo na Kisaki inapouacha mji wa Morogoro na kuambaa chini ya milima ya Uluguru, ana panga na ana jembe. Panga hukata mkungu wa ndizi, hupasua kuni, hufyeka njia, na ikibidi huchimba shimo. Hata hivyo jembe linaendelea kununuliwa, maana atakayelima tuta kwa panga ataumiza mgongo na shamba halitaisha. Mfano huo unatusaidia kujibu swali linalowatatiza wengi: ikiwa simu janja inapiga picha, inatuma pesa na inacheza gemu, kwa nini duniani watu bado wananunua mashine ndogo ya mkononi ambayo kazi yake ni gemu tu? Naamini mashine hiyo haiuzwi kwa wingi wa uwezo wake. Inauzwa inapoifanya kazi yake moja vizuri kuliko kifaa kingine chochote, na inapokuwa na gemu zisizopatikana kwingine.

Ushahidi wa kwanza ni wa mwaka 1989, Nintendo ya Japani ilipotoa Game Boy. Kioo chake hakikuwa na rangi wala taa, hivyo mchezaji alilazimika kutafuta mwanga. Mwaka 1990 Sega ikaja na Game Gear, yenye kioo cha rangi kinachowaka. Ukizipanga mbili hizo mezani, macho yangechagua ya Sega. Lakini Game Gear ilimaliza betri sita kwa saa chache, wakati Game Boy ilitumia nne na kudumu kwa zaidi ya saa kumi. Gunpei Yokoi, mhandisi aliyeongoza utengenezaji wa Game Boy, aliamini kwamba teknolojia iliyozoeleka na iliyoshuka bei, ikitumiwa kwa ubunifu, humfaa mnunuzi kuliko teknolojia mpya ya gharama. Marekani na Ulaya mashine hiyo iliuzwa pamoja na Tetris, gemu ya kupanga matofali iliyobuniwa na Alexey Pajitnov mjini Moscow, ambayo mtoto na bibi yake wanaielewa bila kusoma maelezo. Game Boy pamoja na toleo lake la rangi ziliuzwa zaidi ya milioni 118, na Game Gear takriban milioni 10.

Ushahidi wa pili unatoka upande wa simu. Nokia, iliyotuzoesha mchezo wa nyoka, mwaka 2003 ilijaribu kuunganisha simu na mashine ya gemu katika kifaa kimoja, N-Gage. Kubadilisha gemu kulihitaji kutoa betri kwanza, na kupiga simu kulihitaji kukisimamisha kifaa kwa ubavu sikioni. Kikashindwa kazi zote mbili, na wanunuzi wakakikwepa. Simu janja zilipoenea baada ya 2007, wengi walitabiri kwamba mashine za gemu zingekufa. PlayStation Vita ya Sony, iliyotoka 2011, kweli ilidorora, kwani gemu zake kubwa zilikuwa chache na kadi zake za kumbukumbu zilikuwa za gharama. Lakini Nintendo Switch ya 2017, yenye gemu kubwa za Mario na Zelda ambazo simu haina, imevuka milioni 150.

Atakayesema kwamba hayo ni mambo ya Wajapani na Wamarekani ayatazame mabanda ya gemu katika miji yetu. Vijana wenye simu janja mfukoni hulipa ili washike pedi na kucheza mpira mbele ya televisheni. Wanalipia vitufe ambavyo kidole gumba kinavihisi bila jicho kutazama, kitu ambacho kioo laini cha simu hakina. Wanalipia pia utulivu, kwani gemu ya bure kwenye simu hukatizwa na matangazo, humwomba mchezaji anunue hiki na kile, na mara nyingi hula bando. Gemu ya mashine kwa kawaida hununuliwa mara moja ikachezwa hata pasipo mtandao.

Pingamizi zito zaidi ni bei, nami nalikubali. Switch ilianza kuuzwa Marekani kwa dola 299, zaidi ya shilingi 600,000 kwa kiwango cha wakati ule, na gemu hulipiwa kando. Simu janja ya kawaida hupatikana kwa chini ya shilingi 200,000, na humrudishia mkulima faida kila anapouliza bei ya ndizi au kupokea malipo. Lakini pingamizi hili linaithibitisha hoja yangu. Simu za Tecno na itel zimeenea Afrika Mashariki kwa njia ileile ya Game Boy: bei ya chini, chaji inayodumu na laini mbili kwa mtu wa mitandao miwili, badala ya kushindania kioo kizuri kuliko vyote. Mashine ya gemu itakayotaka kuuzwa Bigwa italazimika kufuata njia hiyo: ivumilie umeme ukikatika, gemu zake zilipiwe kwa pesa za simu, na iwe na mchezo ambao kijana hataupata kwenye simu yake. Hadi hapo, banda la gemu litabaki kuwa jembe la kuazimana mtaani, na watakaolishika wataendelea kupanga foleni.