Nimerudi Chuoni Kujifunza Daftari

Sisi watu wa mwambao, mtu akituambia anakwenda chuoni, swali letu la kwanza ni: kwa maalim gani? Chuo kwetu ndiko tulikopelekwa na meno ya utotoni, tukakaa mkekani, tukaandika alifu na bee juu ya ubao, na bakora ikiwa karibu nasi kuliko wino. Hata kitabu chenyewe wazee wa zamani walikiita chuo. Basi jirani yangu aliponiona kila siku baada ya Magharibi nikitoka na mkoba kwapani, akaniuliza niendako, nami nikamjibu "chuoni", alicheka mpaka kofia ikamwanguka.

"Bwana we, na mvi zote hizo, ni juzuu gani iliyokushinda?"

Juzuu iliyonishinda ni uhasibu wa fedha, somo la mwanzo kabisa, lile ambalo vijana wanaotafuta cheti cha CPA huanza nalo kabla ya kuingia mitihani ya KASNEB. Darasani hapakuwa na mwenziwangu wa umri. Mwalimu ni binti ambaye ningaliweza kumzaa, na siku ya kwanza aliniamkia kwa adabu akadhani mimi ni mzazi niliyekuja kulipa karo. Nilipokwenda kuketi dawati la mbele, darasa zima lilinyamaza.

Sikwenda huko kutafuta kazi, msomaji wangu. Nilipelekwa na maiti.

Mtaani kwetu Mombasa tuna jumuiya ya maziko, kama zilivyo nyingi. Kila mwanachama hutoa shilingi 1,500 kwa mwaka; akifa mtu, jumuiya hununua sanda, hulipa wachimba kaburi na gari. Mhazini wetu alikuwa mzee mmoja mtaratibu, mtu wa safu ya mbele msikitini, aliyelishika daftari kwa miaka mingi bila ya kuulizwa neno. Siku moja wakatokea watu wenye haraka, wakataka hesabu isomwe. Ikasomwa. Michango iliyoandikwa ilikuwa shilingi 486,000. Matumizi yalikuwa 398,000. Hata mtoto anayetoa na kujumlisha ataona kwamba zilipasa kubaki 88,000. Kisanduku na benki vilipotazamwa, zilipatikana 31,500 tu. Shilingi 56,500 zi wapi? Mzee alisema, "Zimo humo humo daftarini." Watu wakacheka kicheko kibaya. Hakueleza zaidi, na miezi michache baadaye akafariki.

Siku ya maziko yake, kabla jeneza halijasaliwa, mwanawe mkubwa alisimama kama ilivyo ada yetu akasema: mwenye kumdai marehemu na ajitokeze, deni lake ni juu yetu sisi wanawe. Hapana aliyesema kitu. Lakini mimi nilikuwa safu ya pili, na niliwaona watu wakitazamana. Kijana naye aliwaona.

Jumuiya ilipotafuta mhazini mpya nikateuliwa mimi, kwa hoja kwamba ni mshairi na mwandishi wa magazeti. Kana kwamba ajuaye kuhesabu mizani za shairi atajua na kuhesabu shilingi. Nililifungua lile daftari usiku ule nikalifunga. Kila kitu kilikuwamo na sikufahamu kitu. Wiki iliyofuata nikajiandikisha.

Jambo la kwanza tulilofundishwa ni kwamba kila shughuli ya fedha huandikwa mara mbili, upande wa kushoto na upande wa kulia. Kushoto ni debiti, kulia ni krediti. Kinachoingia huandikwa kushoto katika akaunti yake, na kule kilikotoka huandikwa kulia. Ukinunua friji ya dukani kwa shilingi 12,000 taslimu, hukupoteza 12,000: akaunti ya friji imepata debiti, akaunti ya fedha imepata krediti, na mali yako ni ile ile, imebadilisha umbo tu. Mimi, niliyelelewa katika hati ya kuanzia kulia, nilizigeuza pande hizo kwa wiki mbili nzima. Mwalimu alikuwa akipita nyuma yangu akigonga dawati kwa kalamu: "Mzee wangu, umeanza tena Kiarabu."

Lililonisumbua zaidi ni benki. Niliinua mkono nikauliza: ikiwa fedha zinazoingia ni debiti, mbona benki huandika krediti pale ninapoweka fedha? Binti yule alifurahi, akasema hilo huwachanganya wengi. Karatasi ile ya benki, akaeleza, ni nakala ya daftari lao, si lako. Fedha zako zikiwa kwao, wao ndio wadaiwa na wewe ndiwe mdai. Kwa hivyo jina lako hukaa kulia. Shilingi ni moja, lakini kwako ni mali na kwao ni deni. Nilitoka darasani usiku ule nikatembea kwa miguu hadi nyumbani, nikilifikiri neno hilo.

Siku tuliyofika kwenye urari wa majaribio ndipo niliposema moyoni: hili nalijua. Akaunti zote hupangwa, debiti huku na krediti kule, na jumla mbili lazima zilingane. Hivyo si ndivyo tufanyavyo sisi washairi? Mshororo wa shairi letu una vipande viwili, ukwapi na utao, mizani nane hapa na mizani nane pale. Ukwapi ukipungua mzani mmoja, shairi lina kilema, na mjuzi ataligundua kwa sikio hata kabla hajahesabu. Wala si ajabu kwamba taarifa ya mali na madeni kwa Kiswahili huitwa mizania. Lakini mwalimu alituonya, na onyo lake nalo linatuhusu washairi: jumla kulingana si ushahidi kwamba hesabu ni sahihi. Shughuli iliyosahauliwa kabisa, isiyoandikwa kushoto wala kulia, haitaonekana humo. Mashairi mangapi tumeyasoma yaliyotimia mizani na ndani hamna kitu!

Vijana darasani waliliona somo hili kuwa la kigeni, kwa sababu linafunzwa kwa Kiingereza na kitabu kinaanza na Luca Pacioli, kasisi wa Kitaliano aliyepiga chapa kitabu chake mjini Venice mwaka wa 1494. Pacioli hakuuzua utaratibu huo. Aliueleza kama wafanyabiashara wa Venice walivyokuwa wakiutumia tangu zamani. Nao wafanyabiashara hao tarakimu walizipata wapi? Leonardo wa Pisa, aitwaye Fibonacci, aliyeandika kitabu chake cha hesabu mwaka wa 1202, alijifunza tarakimu za Kihindi alipokuwa kijana huko Bejaia, pwani ya Algeria, ambako baba yake alishughulikia mambo ya wafanyabiashara wa Pisa. Wazungu walizitilia shaka: chama cha wabadilisha fedha wa Florence kilizipiga marufuku daftarini mwaka wa 1299. Sifuri hiyo waliyoiogopa sisi tunaitamka mpaka leo kama Waarabu walivyoitamka.

Tena hebu tazama maneno. Hesabu, daftari, deni, faida, hasara, bidhaa, thamani, amana, dhamana: yote yalishuka bandarini kwetu pamoja na tende. Rasilimali ni raas-ul-mali, kichwa cha mali; na lile neno la Kiingereza la mtaji, kapitali, shina lake ni neno la Kilatini la kichwa. Na aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani, ya 282 katika Suratul Baqara, inahusu nini? Inahusu kuandika deni, liwe dogo au kubwa, na muda wake, kwa mkono wa mwandishi mwadilifu. Nimeihifadhi aya hiyo tangu utoto. Naona haya kusema kwamba kwa miaka arubaini niliisoma kwa tajwidi tu.

Mfanyabiashara anayetoa zaka naye, mwaka unapotimia, huhesabu bidhaa dukani, huongeza fedha taslimu na madeni anayotaraji kulipwa, hupunguza anayodaiwa yeye, kisha hutoa asilimia mbili na nusu. Hiyo ni mizania, ingawa hakuna aliyemwita mhasibu.

Palipokwaza ni penye riba. Mazoezi ya kitabu yamejaa riba: riba ya mkopo, riba inayodaiwa, riba iliyolipwa kabla ya wakati. Kijana mmoja aliuliza kama anayeiandika hana dhambi, kwani ipo hadithi imtajayo mwandishi pamoja na mlaji. Mwalimu akajibu kwamba mtihani hautaki fatwa, darasa likacheka, tukaendelea. Mimi sikucheka. Iko taasisi huko Bahrain, AAOIFI, iliyosajiliwa mwaka wa 1991, yenye kutunga kanuni za uhasibu kwa benki za Kiislamu. Na Kenya benki za namna hiyo zipo tangu 2008. Saa moja ya kulitaja hilo mbele ya wanafunzi wa Mombasa isingemdhuru mtu.

Mwezi wa tatu tulifika kwenye sura ya wadaiwa. Mchango unaopasa kulipwa, akasema mwalimu, ni mali ya jumuiya tangu siku ulipopasa, hata kama haujalipwa. Lakini si fedha taslimu. Uandike katika akaunti ya mdaiwa mpaka atakapouleta. Kalamu ilinianguka mkononi.

Usiku ule nililifungua tena daftari la marehemu. Alikuwa akiandika mchango wa kila mwanachama siku ulipopasa, jina kwa jina, 1,500, 1,500, na pembeni mwa majina mengi alitia nukta. Nikatoa vitabu vya stakabadhi, nikalinganisha vishina na majina mpaka alfajiri. Kila jina lenye nukta lilikuwa na kishina chake. Majina 33 hayakuwa na nukta, na vishina vyao havikuwapo. Mara 1,500: shilingi 49,500. Zilizobaki, 7,000, nilizipata katika stakabadhi ya duka la nguo iliyokunjwa nyuma ya jalada. Ni majora ya sanda, ambayo mpaka leo yamo stoo ya msikiti, naye alisahau kuyaandika matumizini.

Hazikupotea. Zilikuwa mifukoni mwetu. Mzee wa watu alikuwa na haya, hakuweza kumdai mtu barazani, akaona bora acheke anayecheka. Na katika majina yale 33, la ishirini na moja lilikuwa langu. Mwaka ule nilisafiri kwenda Lamu.

Hesabu niliisoma mbele ya jumuiya baada ya Isha, nikaanza kwa kuweka 1,500 zangu mezani na kukata stakabadhi. Mmoja wa waliokuwa wakipiga kelele zaidi mwaka ule aliuliza kwa sauti ndogo, "Na mimi nimo?" Nikamwambia, "Umo, bwana." Akatia mkono mfukoni mwa kanzu. Usiku ule walilipa watu 18, nami mmojawapo. Debiti fedha taslimu 27,000, krediti wadaiwa 27,000. Wamebaki 15, na majina yao ninayo.

Asubuhi nilipeleka nakala kwa mjane wa marehemu. Alimwita mwanawe mkubwa, wakaketi mkekani wote wawili, nikawasomea mstari kwa mstari hadi jumla ya mwisho. Alikaa kimya kitambo, akajifunika vizuri buibui lake, akasema, "Nisomee tena, mwanangu, kuanzia juu."