Kisu Hakikuzeeka

Nilipokwenda Eldoret kumzuru mpwa wangu, mkewe alinijia na kisu mkononi. "Mjomba," akaniambia, "hiki kimezeeka. Nyanya hakiikati, chaiponda. Nataka kukitupa."

Nikakitambua. Ni kisu cha marehemu dada yangu, alichompa mkaza mwanawe siku ya kutoka Mombasa. Bapa lake limeliwa na jiwe hata likawa jembamba kama mwezi mwandamo. Na aliyekuwa akikinoa juu ya kinoo, kila afikapo nyumba ile, ni mimi.

Asubuhi yake tukaenda bucha. Mji huo, ambao zamani ukiitwa 64 kwa nambari ya shamba la walowezi ulipoanzia, ni mji wa baridi, maziwa na ng'ombe. Mwenye bucha alikuwa na fimbo ya chuma, ya mviringo, yenye mpini. Kila akatapo vipande kadhaa, hupitisha kisu juu yake, huku na huku, kisha huendelea.

"Kijana, wanoa kila dakika?" nikamwuliza.

Akacheka. "Sinoi, mzee. Nanyoosha."

Wasomaji wangu, neno hilo ndilo lililonileta hapa leo. Ukingo wa kisu ni mwembamba mno. Ukikata juu ya ubao, au ukigusa mfupa, hupinda upande mmoja. Makali yapo, ila yamelala. Kinoo hula chuma ili kuzaa makali mapya. Fimbo, kwa kuwa ni ngumu kuliko kisu, huyasimamisha yaliyolala, na hula kidogo sana.

Namna yake ni hii. Isimamishe fimbo, ncha yake juu ya kitambaa. Kilaze kisu kwa mshazari wa digrii 20 hivi, ukivute kutoka penye mpini hadi nchani, upande huu kisha upande wa pili, mara nne au tano kila upande. Mkono uwe mwepesi. Mwisho kifute, kwani vumbi la chuma halifai chakulani. Kisu cha meno usikitie fimboni. Na kisu kilichokwisha makali kabisa, hicho ni cha kinoo.

Tuliosoma chuoni twaijua hadithi ya Shaddad bin Aws, iliyomo katika Sahihi ya Imamu Muslim, inayotuamrisha wema katika kila jambo, hata katika kuchinja: kisu kiwe kikali, mnyama asiteseke. Miaka yote nilidhani agizo lile laishia machinjioni. Kumbe na jikoni lina kazi. Kisu butu hutaka nguvu, na nguvu ikizidi kisu huteleza, kikaingia kidoleni.

Nikanunua fimbo, nikakipitisha kisu cha dada yangu mara tano tano. Mke wa mpwa wangu akashika nyanya, akaikata vipande vyembamba, maji yasimwagike.

"Mjomba, kumbe hakikuzeeka!"

"Hakikuzeeka, mwanangu," nikamjibu. "Nilikizeesha mimi."